Mlinzi wa Handaki la Wajapani

Mlinzi wa handaki hakai kitako. Mimi nauza popoo pale mlangoni, na kumkaribisha kigoda nimeshaacha. Asubuhi hufagia majivu yaliyotemwa na mlima wa moto usiku, hufuta tochi kwa pindo la shati, kisha huwasubiri wageni amesimama. Sauti yake ni ileile ya chini, kama mtu anayetaja bei sokoni: hapa Wajapani walificha mashua zao wakati wa vita, hapa walilala, hapa bomu liliwafukia. Mguu wake wa kushoto huburuta kidole, na kila apitapo majivuni hubaki mstari. "Shemeji, umetuchorea barabara tena," mimi humtania. "Ili msipotee, maana macho yenu yako kwenye umbea," hunijibu.

Juzi aliaga, akasema anakwenda shambani. Jana tubuani, kinyago cha chama cha siri cha wanaume, akatoka msituni kucheza, yule mama wa majani mwenye macho ya duara, nasi wanawake tukatazama kwa mbali, maana si yetu kujua zaidi. Alicheza mpaka vumbi likatufikia. Alipogeuka, nikaona mstari majivuni nyuma yake. Upesi nikaangalia baharini. Mgeni mmoja akaninong'oneza, "Ndani yuko nani?"

"Hakuna mtu. Ni mama."

Leo mlinzi amerudi na tochi yake. "Shemeji, jana mlimwona mama?"

"Tulimwona. Alitufurahisha."

Akaegemea ukuta. Nikamsogezea kigoda bila kumtazama, nikaendelea kupanga popoo zangu. Akakaa.