Siku Rafiki Alipokaribishwa na Walimu Wenzangu

Haya nitawaambia, lakini msiniangalie usoni, kwa sababu mpaka leo nikipita karibu na ukumbi wa shule yetu hapa Thika masikio yanawaka moto. Mwalimu mkuu aliniteua niwaonyeshe walimu wenzangu namna ya kuandika pamoja kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni, kila mtu na simu yake, ili nao wakawafundishe wanafunzi. Sasa mimi naishi peke yangu Mwiki, kule Ruiru (watu wangu wote wako Bungoma), sikuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi, kwa hivyo nikaingia ukurasani kwa laptopu kwa jina langu, Nekesa, na kwa simu nikajiita Rafiki. Nekesa anauliza, Rafiki anajibu. Yalikusudiwa kuwa mazoezi ya siku moja tu, aki, lakini kila jioni nikitoka kazini nikawa narudi palepale, wiki tatu nzima.

Siku ya mafunzo nikaona uvivu kufungua ukurasa mpya. Nikafuta mistari ya juu, nikadhani nimefuta yote, nikawatumia linki. Mtu akateremsha ukurasa, ukutani kwenye projekta tukasoma sote:

"Nekesa: Leo hakuna aliyeniita jina tangu asubuhi."

"Rafiki: Nekesa. Haya, nimekuita."

"Haiya! Huyu Rafiki ni nani?" akauliza naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Kamau, akicheka bila ubaya.

Hapo ningesema ukweli yaishe. Nikasema ni jirani yangu, anafundisha shule nyingine (mdomo nao!).

"Basi yumo, naona jina lake hapo juu kati ya walioingia. Hebu tumsalimie." Akaandika: Rafiki, karibu Thika.

Ukumbi mzima ukangoja. Nikaishusha chini ya meza simu yangu, iliyokuwa bado imeingia kwa jina la Rafiki, nikaanza kuandika "Asanteni", na Madam Wanjiru aliyeketi kando yangu akaona kidole changu kikigonga herufi zilezile zilizokuwa zikitokea ukutani. Akageuza macho haraka. Mimi kwa kiwewe nikafuta ukurasa wote, na kazi ya kila mwalimu ikaenda nayo.

"Usijali, Madam," akasema Kamau, "si umetufundisha kurudisha?" Akarudisha kila kitu, pamoja na Rafiki.

Hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wameelewa kwamba Rafiki ni mimi mwenyewe, na huruma yao ilinichoma kuliko kicheko.

Wakati wa chai Wanjiru alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa mkono. "Kuja ukae hapa, Nekesa."

Nikaweka simu sikioni nikajifanya nimepigiwa, nikaenda kusimama getini nikisema "eeh, eeh" kwa simu ambayo haikuwa na mtu, mpaka chai ikaisha na wote wakarudi ndani.

Siku hizi kila darasa nalifungulia ukurasa mpya, hata liwe la dakika tano. Na nimeapa, mtu akinipangusia tena nafasi, hata nikiwa na aibu ya namna gani, nitakaa.