Gramafoni ya Festo

Manyoni nzima ilikuwa imeshaiona gramafoni ya Festo, na aliyekuwa hajaiona ni kwa sababu hajapita karibu na dirisha lake. Mkewe, Editha, alikuwa amechoka nayo. Ilikaa sebuleni juu ya stuli, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, mdomo wake mpana wa shaba umeelekea dirishani kama unaita wapita njia. Kuimba haikuimba. Springi yake ilishakatika kabla Festo hajainunua kwa muuza vyuma chakavu wa Dodoma, lakini mgeni hakuachwa apumue kabla ya kuonyeshwa mpini wa kuzungushia.

"Ya marehemu baba," Festo alisema kila mara, akiongelea puani. "Alikuwa karani wa Wazungu, bwana. Jioni anasikiliza muziki huku anakunywa chai ya maziwa."

Karani! Mzee Sostenes alikuwa mrina asali wa Itigi. Kalamu hakujua kuishika, wala hakuona haya kusema hivyo. Editha alipoletwa bibi harusi, mzee huyo ndiye aliyempokea kwa bakuli la asali na kumwita mama. Ila Festo, tangu alipovaa kofia ya reli na kukatia abiria tiketi pale stesheni, aliona nyuki wa baba yake ni aibu ya ukoo mzima. Kofia aliivua alipostaafu, majivuno yakabaki kichwani.

Basi ikaja posa ya binti yao, Dina. Wazee walikuwa wanatoka Mkiwa, na Dina alimpenda kijana wao hata chakula kilikuwa hakishuki. Editha alimwomba Mungu jambo moja tu, mumewe asiharibu. Festo naye akaanza maandalizi. Akaipasua mizinga ya baba yake iliyobaki nyuma ya jiko, akaifanya kuni. Kisha akachukua bonge la nta la marehemu, akaisugua gramafoni ndani na nje mpaka mbao zikang'aa.

"Baba Dina, nta hiyo mzee alikuwa anapaka kwenye mizinga ili kuwaita nyuki," Editha alimwambia. "Na miti imeshatoa maua."

"Usiniletee mambo ya porini, mama Dina."

Siku ikafika. Wageni wakaketi, shikamoo zikaitikiwa, na Festo hakungoja hata watu wanawe mikono, akaanza hadithi ya gramafoni. Alikuwa amefika kwenye chai ya maziwa ya karani pale mvumo uliposikika. Kundi zima la nyuki likaingia dirishani na kuzama katika mdomo wa shaba. Ndiyo mara ya kwanza gramafoni ile kutoa sauti. Mwenye nyumba aliruka nyuma ya kochi.

Mzee Antipasi, babu wa kijana, hakuinuka. "Tulieni. Nyuki wanaohama hawana ugomvi." Akaitazama gramafoni, akacheka kwa furaha. "Kumbe kweli hapa ni kwa Sostenes! Mwaka wa njaa alitupitia Mkiwa na asali yake, akatugawia bila kudai kitu. Na mimi nililamba. Ndiyo maana nikasema kijana wetu aoe nyumba hii. Sasa huyu karani unayemtaja ni nani?"

Neno moja tu lilitosha, na Editha alimkazia macho mumewe alitoe. Festo akajikung'uta vumbi kwenye suruali.

"Sostenes?" alisema. "Huyo alikuwa kibarua wa baba."

Mzee Antipasi akaichukua fimbo yake, na wenzake wakaanza kuinuka. Hasira ikampanda Editha mpaka kooni. Miaka yote alikuwa anameza. Akaenda kusimama mlangoni, asimpishe mtu.

"Kaa, babu, tafadhali," alisema. "Mjukuu wa Sostenes yuko jikoni, anakuja kukunawisha. Ni mwanawe tu ndiye hatujamwona leo."

Mzee akaiweka fimbo chini, akaketi. Festo alibaki amesimama nyuma ya kochi, na hakuna aliyemkaribisha kiti.