Kuta za Yeriko na vyungu vyangu

Bwana yangu alikuwa na kitabu kisichokuwa na mwisho. Sisemi kwa mafumbo. Kilikuwa kimechanwa.

Alikinunua sokoni baada ya ule uporaji wa askari, wakati vitu vya Wazungu waliokimbia vilipokuwa vikiuzwa chini kando ya barabara: kiatu cha mguu mmoja, taa bila waya, vitabu. Mama mmoja muuza karanga alikuwa anakichana kukunjia karanga zake. Alichana kutoka nyuma, na hapa na pale katikati, akichagua kurasa za maandishi matupu, maana karatasi ya picha inateleza, haikunjiki vizuri. Bwana yangu akaona picha ya watu wamepiga magoti ndani ya shimo, wanapangusa mawe kwa brashi, akasimama. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa juu ya nchi za Biblia na watu waliokwenda kuchimbua miji yake ya kale ili wajue kulitokea nini. Akanunua kilichobaki.

Mimi nilisoma shule ya msingi, kisha masista wakatufundisha kushona na kuoka, basi. Kifaransa nakisoma kwa kidole. Kwa hiyo yote ninayoyaandika hapa juu ya wachimbaji wale nimeyapata mdomoni mwake, na yeye ni mtu wa kuongeza chumvi. Kukiwa na kosa, sijui la nani kati yetu wawili.

Mwaka ule ndio watu wa asili ya Kasai, mkoa mwingine, walipoambiwa warudi kwao, na vijana wakawa wanapita kuwatoa majumbani. Bwana yangu alizaliwa Likasi, ndani ya kambi ya kampani. Baba yake ndiye aliyeletwa kufanya kazi ya shaba. Yeye Kasai alikuwa hajaikanyaga. Mimi mama yangu ni wa Kambove, kwa hiyo nilikuwa wa hapa, na watoto walikuwa nusu, na hakuna aliyejua nusu inatakiwa kukaa wapi. Pale alipokuwa karani wa stoo walimfungia mlango. Kwenye stesheni watu walikuwa wanalala chini ya mashuka na mabati, wakingojea mabehewa yasiyokuja, na kila mara tuliona jirani mwingine anapita na godoro kichwani. Nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja tu la kuamua: twende au tubaki. Na mwenye kuamua alikuwa anasoma habari za Yeriko.

Jumuiya yetu ya sala ilikutana kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Kila mtu anakuja na kiti chake. Msalaba wa jumuiya na Biblia kubwa vinalala katika nyumba itakayopokea watu wiki inayofuata. Sala ikiisha, vinakwenda kwa mwenye zamu. Kiongozi alikuwa mzee mmoja aliyesimamia tanuru la kuyeyushia shaba hadi kustaafu, na sauti ya kupigana na tanuru haikumtoka. Lazima niseme haki: kitabu cha Yoshua hakukichagua yeye. Tulianza na Mwanzo miaka ya nyuma, sura moja kila wiki, bila kuruka hata zile orodha za koo zinazolaza watu usingizi, na Yoshua akatufikia wakati ule kwa miguu yake mwenyewe. Bwana yangu hakulikubali hilo hata siku moja.

Siku ya kuta za Yeriko, sura ilipokwisha kusomwa, jirani yetu muuza mafuta ya mawese alisema, taratibu, kama mtu anayejisemea, "Munaona? Hata Mungu, kila muntu anamupatia inchi yake. Benye haiko yabo, banatoka."

Hakuna aliyetutazama. Wote walitazama mshumaa. Bwana yangu akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Papa kiongozi, ule ukuta haukuangukaka ile siku."

"Ulikuwa pale?" mzee akamwuliza. Watu wakacheka.

"Bantu balichimbaka. Wa kwanza alisema, njo huu, ukuta wa Yoshua. Kisha kukakuya mwanamuke mumoja, akachimba pole pole, mpaka chini, akaona ule ukuta ulianguka zamani sana mbele ya Yoshua. Siku za Yoshua pale hapakuwa mji wa maana."

"Donc, basi, Biblia inadanganya."

"Sikusema vile."

"Weye njo umesema!"

Akaanza kuwaeleza jinsi mji wa kale unavyojijenga juu ya mgongo wake: nyumba inaanguka, watu wanajenga juu yake, takataka juu ya takataka, mpaka panakuwa kilima, na kila tabaka lina vyungu vyake, na kwa vyungu ndiyo wanajua miaka. Alipoona nyuso zimelala, akanigeukia mimi. "Mama, wakati ulichimba shimo ya takataka nyuma ya nyumba, ulikuta nini?"

Nilitamani mshumaa uzimike. Nikasema nilikuta vifuniko vya bia, chini yake vipande vya sahani za Wazungu, chini yake majivu.

"Voilà!" akasema.

"Voilà nini?" akasema muuza mafuta. "Yeriko balikunywaka bia?"

Walicheka mpaka viti vikalia. Nami nilicheka, nisiwe mwongo. Lakini njiani nilimwambia, "Ukuta ulianguka, ukuta haukuanguka, sisi tunafanya nini?"

Akanijibu kwa vyungu. Kwamba kule milimani, ambako wana wa Israeli walianzia, wachimbaji wamekuta vijiji vidogo visivyo na ngome, na vyungu vya vijiji vile vinafanana na vya Wakanaani wenyewe. Kwamba wataalamu wengine wanasema wengi wao hawakutoka mbali kabisa, walikuwa watu wa palepale, majirani, waliokuja kujiita jina lingine. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Vyungu," nikasema. "Minye pia niko na vyungu. Nivifunge ao nisivifunge?"

"Ngoja."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Angekuwa mlevi ningejua la kumwambia, maana kwa mume mlevi kuna maneno yaliyokwisha kutungwa na mama zetu. Kwa mume anayegombana na Yoshua sikufundishwa neno hata moja.

Hata hivyo niandike na upande wake. Kuna jambo alilonisomea ambalo halikunitoka. Kwamba vitabu hivi vya Wayahudi, sehemu kubwa, viliwekwa pamoja baadaye sana, wakati wafalme wao wanaanguka na watu wao wanapelekwa utumwani Babeli. Kwamba huenda aliyeandika jinsi Yeriko ilivyoanguka alikuwa ameiona Yerusalemu yake ikianguka. Na kwamba Wayahudi wenyewe wamebishana juu ya kila mstari tangu zamani bila kuona haya, kwa hiyo yeye akibisha hatukani mtu.

Siku moja nilipeleka bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kwa wifi yangu, aliyekuwa tayari anangojea behewa stesheni. Karibu naye alikaa baba mmoja wa mtaa wetu, anawaeleza watoto wake nyumba waliyoiacha. Nyumba ile naijua: vyumba viwili na choo cha nje. Pale chini ya bati, mdomoni mwake, ilikuwa na baraza pande zote, na mparachichi wake mmoja ulikuwa umekuwa shamba. Hakuwa anadanganya. Nilimwona usoni. Nikasimama na sufuria yangu nikawaza kuta za Yeriko, jinsi zinavyoweza kupata urefu. Labda nilikuwa na njaa tu.

Sura ya saba ilipita salama, kwa kuwa bwana yangu alikuwa na homa. Ya nane ni ya mji wa Ai, jinsi Yoshua alivyouteketeza. Akasema jina lenyewe maana yake ni magofu, na kwamba waliopachimba walikuta mji ule ulikuwa tupu zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Yoshua kupita.

"Donc alipigana na nani?" mzee akanguruma. "Na bambuzi?"

"Bantu baliona magofu, bakajiuliza, nani alivunja hapa? Bakatia hadisi."

Hapo muuza mafuta akasema, "Mwenye anaogopa kufukuzwa, njo anasema hakuna mwenye alifukuzwaka."

Bwana yangu akasimama. Kiti chake kikaanguka. Watu wakasema wote kwa pamoja, mtoto wa mwenye nyumba akalia, na kiongozi akakata yote kwa Baba Yetu, haraka haraka, kama anayefunga mlango wa tanuru. Kisha akakunja kitambaa cha meza, akachukua Biblia na msalaba kwapani, akatoka.

Zamu iliyofuata ilikuwa yetu.

Tulikwenda nyumbani mikono mitupu. Bwana yangu alikaa kitandani, na hatimaye, baada ya wiki zote zile, akaamua. "Musalaba ukikuya mbele ya Alhamisi, tunabakia. Usipokuya, Ijumaa tunaenda kungojea mabehewa ku gare. Bakikatala kuketi mu nyumba yangu, hakuna mwenye atasimama mu mulango yangu ile siku bale vijana batakuya."

Sikuweza kusema amekosea. Niliudhika zaidi kwa sababu hiyo.

Basi nikafunga. Kitambaa cheupe cha meza ya sala nilikiweka chini kabisa, maana hatungekihitaji, juu yake nguo, juu ya nguo vyungu na sufuria, na ile kubwa ya bukari juu, niweze kuitoa kila siku na kuirudisha. Na yeye? Yeye alikuwa sokoni ananunua karanga. Sura ya tisa ni ya watu wa Gibeoni, na katika kitabu chake sehemu ya Gibeoni ilikuwa imebaki picha tu. Maandishi yalikuwa yamechanwa. Kwa hiyo alikwenda kwa mama yule, akachagua karanga kwa karatasi, akarudi na ukurasa wa mamba wa Misri, ukurasa wa tangazo la sabuni uliotoka kitabu kingine kabisa, na nusu ya ramani. Tulikula karanga asubuhi na jioni. Nilimwuliza anatafuta nini, na watu hawaji. Akasema, "Je, wakikuya?"

Jumatano asubuhi nilikuwa nafagia parsele, uwanja wetu, nikamwona kiongozi anakuja, msalaba umefungwa ndani ya shati la kazi, Biblia mkono mwingine, na uso umekunjwa.

"Mama, weye uko muntu wa namna gani?"

"Papa, nimefanya nini?"

"Tangu lini kiongozi njo anabebea bantu musalaba mpaka kwabo? Mwenye zamu anakuya kukamata! Nimewangojea wiki muzima. Bibi yangu ananiambia, wacha, bo banaenda, hawataki tena sala ya hapa."

"Papa, weye njo ulibeba!"

"Nilibeba sababu ya makelele! Ungetaka niuache pale bauvunje?"

Nikakaa juu ya ndoo. Wiki nzima wanaume wawili wamengojeana, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja amevimba, na mimi nimefunga na kufungua sufuria ile mpaka kamba imekatika. Kama alisema kweli au alibadili moyo njiani, sijui, na sikumwuliza. Nilisikia baadaye, kwa mtu mwingine, kwamba wakati wote ule alipokuwa anatusomea Yoshua alikuwa ameficha familia ya Kasai katika jiko lake la nyuma. Naliandika kwa sababu ni haki yake. Na kwa sababu ni haki pia naandika kwamba muuza mafuta aliposema nchi ni ya nani, yule mzee alinyamaza.

Kitambaa kilikuwa chini kabisa. Nilitoa kila kitu.

Alhamisi tulitandika, tukawasha mshumaa, tukakaa. Alikuja kiongozi na kiti chake. Akaja bibi yake. Baadaye sana akaja muuza mafuta, kiti kichwani, akakaa karibu na mlango. Wengine hawakuja.

Ikasomwa sura ya tisa: watu wa Gibeoni wanavaa viatu vilivyochakaa, wanabeba mkate wenye ukungu, wanajifanya wametoka mbali ili wasiuawe, kumbe ni wa karibu. Uongo unajulikana, lakini Yoshua amekwisha kuapa. Wanaachwa hai, wawe wapasua kuni na wachota maji.

Kiongozi akafunga Biblia kwa kidole ndani. "Haya. Leo kitabu yako inasema nini?"

Bwana yangu akajibu, "Papa, haiko. Balifungia kalanga."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Bwana yangu akatoa ile picha, ikazunguka mkono kwa mkono: shimo kubwa la mviringo limekatwa ndani ya mwamba, na ngazi inazunguka ukutani, inashuka mpaka gizani. Chini yake yalikuwa maneno machache, akayatafsiri: shimo la maji la Gibeoni.

Muuza mafuta aliishikilia ile picha. Aliigeuza, akaisogeza kwenye mshumaa. "Kumbe njo maana," akasema. "Wachota maji. Na ngazi yote hii." Akafuata ngazi kwa ukucha mpaka chini. "Mwanamuke na ndoo, kupanda hapa… Halafu, balibakia?"

"Balibakia," akasema kiongozi.

"Kama batumwa," akasema bwana yangu.

"Minye tayari nachota maji," nikasema. "Tangu bomba zilikauka. Hakuna mwenye aliniapia kitu."

Walicheka, na muuza mafuta akacheka pia, akitazama chini. Hakuomba radhi. Sala ilipoisha, zamu iliyofuata ilikuwa yake. Bwana yangu akauchukua msalaba mwenyewe akamkabidhi mkononi, na yeye akausimamisha juu ya kiti chake kilichopinduliwa kichwani, akaushika kwa mkono mmoja. Mlangoni akamwambia bwana yangu bila kugeuka, "Papa, wiki kesho ukuye na picha ingine."

Tulibaki. Nisiandike kwamba ni kwa sababu ya viti vitatu. Kuna nyumba zilizojaa viti kila Alhamisi na watu wake walikwenda stesheni vilevile.

Jioni ile, wageni walipoondoka, bwana yangu aliniona nimeacha nje sufuria ya bukari tu, vyungu vingine nimevirudisha ndani ya furushi, nimekaza fundo.

"Mama, si umeona bamekuya? Fungua vyote."

"Ngoja," nikasema.