Filamu Iliyopewa Mgongo

Kabla ya kushika kamera, Mwanafatuma wa Msambweni alikuwa mchora hina, na mimi nasema hiyo ndiyo iliyomsaidia, maana mkono wake ulikuwa umeshazoea kutulia. Alipojiunga na chuo kimoja pale Ukunda, kozi ya video, usanifu na mawasiliano, alikuwa ameshaolewa na ameshaachika, na darasa zima lilimwita mama. Hakujali. Alikuwa na lake moyoni.

Huku kwetu, siku ya kupamba, bibi harusi anapokalishwa jukwaani atazamwe na wanawake wenzake, simu huachwa mlangoni ndani ya kapu. Ndani humo mabuibui yanavuliwa, nywele zinaonekana, watu wanacheza watakavyo. Hapana mwanamume anayeingia wala picha inayotoka. Basi kina mama walikuwa na hamu ya mpigapicha mwanamke wa kuaminika, na Mwanafatuma akataka awe yeye.

Kazi yake ya mwisho ya chuo akaifanya kwenye harusi ya jirani yake, Hadiya. Aliwaapia wanawake wale kwamba hapana jicho la mwanamume litakaloiona. Akairekodi, akaihariri peke yake amejifungia chumbani, na ikatoka nzuri wallahi, hajapata kufanya nyingine mfano wake. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba msahihishaji ni Mwalimu Mwinga, mwanamume na ndevu zake. Sasa siku zote hizo ulikuwa wapi, we mwana?

Mwinga alimweleza kwa upole kwamba asichokiona hawezi kukipa alama, na bila alama hapana cheti. Akamshauri arekodi nyingine, ya hoteli au ya soko la samaki. Mwanafatuma alikwenda akalia chooni, akanawa uso, akarudi. Ahadi yake haivunji, na hii ndiyo kazi yake, hana nyingine. Akamwomba mwalimu jambo moja: filamu ikionyeshwa kwa wanawake, akae humo humo, aipe skrini mgongo, aisahihishe kwa kuzitazama nyuso zao.

Mwinga alicheka, kisha alipomwona mwenzake hacheki, akakubali.

Siku hiyo wakaja wanafunzi wa kike, na mbele yao akaketi Bi Zulekha, mamake Hadiya. Maskini mama huyu, siku ya kupambwa bintiye wa pekee hakuona kitu. Wapishi hawakutosha, akashinda uani kwenye masufuria ya pilau, vigelegele akivisikia kwa mbali. Hata filamu yenyewe alikuwa hajaitazama.

Ikaanza. Mwinga akasikia ngoma na wanawake wakiimba, akaona wasichana wakisukumana kwa viwiko na kuchekacheka. Akawa anaandika. Mara sauti yote ikazimika. Bi Zulekha akajisogeza ukingoni mwa kiti, akajiziba mdomo kwa leso, machozi yakamshuka.

"Nilikuwa uani, mwanangu," akaiambia skrini. "Nilikuwa hapo hapo uani."

Mwinga akaweka kalamu chini na hakuishika tena mpaka filamu ikaisha. Akamgeukia Mwanafatuma akamuuliza, "Pale sauti ilipokatika, ni hitilafu ya mashine?"

Mwanafatuma aliona cheti kinamponyoka hivi hivi, na uongo mdogo tu wa kusingizia mashine ungemfaa, lakini hakuweza.

"Si mashine, mwalimu. Niliitoa mimi. Hadiya alikuwa ameinua macho anamtafuta mamake katikati ya watu, na kwa zile ngoma hapana ambaye angeona."

Mwinga alimtazama Bi Zulekha, ambaye bado alikuwa amekodoa macho kwenye skrini iliyokwisha kuzimwa. Akaandika kwamba mwanafunzi amefaulu, akatia sahihi, akampa Mwanafatuma karatasi yake. Halafu akakivuta kiti, akaketi tena vile vile, mgongo kwenye skrini.

"Mrudishie mama pale," akasema.