Sweta Niliyoacha Kehancha

Mjukuu wangu anataka kununua mbwa, na amenionyesha mtoto wa mbwa kwenye simu. Nikamuuliza, mama yake yuko wapi?

"Dani, siku hizi ni picha tu," akanijibu mimi bibi yake.

Sweta yake ilikuwa imelowa mvua, na harufu ile ikanirudisha kwa mama mmoja mkulima wa tumbaku, kule Kehancha. Nikiwa mdogo, Baba alinipeleka huko kuchukua mtoto wa mbwa, kwa sababu mbwa wa mama huyo walisifiwa hadi kwetu. Mama mbwa alikuwa amelala mlangoni, ametulia. Mimi nikadaka mtoto wake mweusi.

"Mweke chini, msichana," akasema yule mkulima. " Wewe huchagui. Vua sweta."

Ilikuwa ya shule, na sikuwa na nyingine. Akaitandika wanapolala watoto wa mbwa.

"Rudini wiki ijayo. Atakayeilalia ni wako. Wakiikataa, tafuteni kwingine."

Wiki hiyo sikusoma, mwalimu hakutaka mtoto bila sweta. Shule sikuipenda sana, lakini nililia nikiwaza wataikataa.

Tuliporudi, yule mweusi hata hakuniangalia. Mdogo wao, wa rangi ya udongo, alikuwa amelala ndani ya mkono wa sweta yangu, anakoroma.

Kesho tunaenda kumwona mama wa yule mbwa wa kwenye simu. Nimemwambia mjukuu avae sweta ambayo hataihitaji wiki nzima.