Mto Haukujaa Siku Ile

Mke wangu alikuwa mwalimu wa afya katika shule moja ya msingi pale Bigwa, mlima unapoanzia. Darasani alifundisha sayansi, lakini wazazi hawakumjua kwa sayansi. Walimjua kwa simu. Kila jambo la mwili wa mtoto au usalama wake lilipitia kwake: siku ya dawa za minyoo, macho mekundu yalipoingia darasa la tatu, choo kilichotitia sakafu na watoto wakakatazwa kukisogelea, bodaboda anayepakia watoto wanne kwa mkupuo.

Mwanzoni alikuwa anaandika kwenye grupu la wazazi, kama alivyoelekezwa. "Wazazi na walezi mnataarifiwa kwamba..." Watu hawakuwa wanasoma. Wengine walikosa muda, na wengine, hasa mabibi wanaolea wajukuu huko vilimani, hawakujua kusoma na hawakutaka mtu ajue hilo. Siku moja ya dawa za minyoo, watoto kadhaa walifika shuleni bila kula kitu, wakameza dawa tumbo likiwa tupu, wakatapika. Kabla jua halijazama, habari zilikuwa zimeshapanda mlima kwamba dawa ina sumu.

Alirudi nyumbani amechoka uso mzima. Akakaa kwenye kigoda mlangoni, viatu hajavua.

"Niliandika wapewe chakula kwanza," akasema. "Niliandika kwa herufi kubwa, Fundi."

Fundi ni mimi. Ni fundi cherehani, nina kibaraza changu Mwembesongo, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Yeye nilimwita Mwalimu. Tulianza hivyo kwa utani tulipooana, na utani ukageuka kuwa majina yetu.

"Si uwaambie kwa mdomo?" nikamjibu, huku nikimenya mihogo. Sikuwa nimefikiria sana.

Aliinuka kigodani. Kisha akachukua simu, akaenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikamsikia anaongea. Hakuongea kama tangazo. Aliongea kama mtu aliyepita kwa jirani akaambiwa karibu, akasema hapana, sikai, nimekuja kuwaambia neno moja tu. Aliwaeleza kwa nini watoto walitapika, akaomba radhi, akasema dawa ikirudi tena mtoto anywe uji kwanza, hata kikombe kimoja. Akarudia yote kwa Kiluguru. Yeye alizaliwa huko juu, upande wa Matombo. Mimi nilikuja Morogoro ukubwani kutoka Dodoma kutafuta kazi, na Kiluguru mpaka leo kinanipita, ila nilipenda kumsikia akikiongea. Sauti yake ilikuwa inateremka, inalegea, kama mtu aliyefika kwao.

Tangu siku hiyo hakuandika tena. Alituma sauti. Na wazazi wakaanza kumjibu kwa sauti pia, wakati mwingine kwa mambo yasiyo ya shule kabisa: mimba, kikohozi cha mume, mtoto wa jirani anayepigwa. Simu yake ilikuwa haipumziki. Nilikuwa nalalamika chakula kinapoa. Sasa hivi kama ningepewa nafasi, ningekaa nacho hicho chakula cha baridi mpaka amalize na wote.

Alifariki kwa shinikizo la damu, kiangazi kimoja, bila kuugua kwa muda mrefu. Binti yetu alitoka Mwanza, akakaa na mimi mpaka arobaini ikaisha, akarudi kwa familia yake. Nikabaki na nyumba, na migomba, na simu ya Mwalimu.

Simu sikuizima. Niliendelea kuiwekea chaji na kuinunulia bando. Binti aliniuliza kwa upole ninaitunzia nini, nikamwambia kuna watu watapiga. Na kweli walipiga, miezi ya mwanzo. "Hallo, Mwalimu?" Nilikuwa namwacha mtu amalize kueleza ugonjwa wa mwanawe, ndipo namwambia. Baadaye wakaacha. Kwenye grupu hakuna aliyemtoa. Picha yake ilibaki pale, amevaa kitenge cha kijani nilichomshonea mwenyewe, na mimi nilikuwa nasoma matangazo yote bila kusema neno. Mwalimu mpya wa afya alikuwa kijana aliyetoka chuo, mwenye bidii sana. Aliandika vizuri. Alituma hata karatasi zenye vielelezo vya kunawa mikono. Chini yake watu wachache waliweka alama ya kidole gumba, basi.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Ilikuwa mchana wa jua kali, nimekaa kwenye cherehani naweka zipu kwenye sketi. Simu yangu ikalia. Alikuwa mama mmoja jirani yetu wa Bigwa, mwenye watoto wawili pale shuleni. Anahema.

"Shemeji, uko wapi? Mwalimu anasema mto umejaa!"

"Mwalimu gani?"

Nikasikia kandambili zake zikipiga chini, anatembea haraka. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mwalimu wetu, shemeji. Mkeo."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikachukua simu ya Mwalimu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati langu, nikafungua grupu. Kulikuwa na ujumbe wa sauti, na chini yake watu wamejaa: "Nakuja." "Mungu wangu." "Tupo njiani." Halafu maandishi ya mwalimu kijana: "PUUZENI UJUMBE HUO." Aliyarudia mara tatu. Hakuna aliyekuwa anasoma. Walikuwa wanakimbia.

Sikuifungua ile sauti. Niliacha sketi kwenye cherehani na sindano ndani yake, nikamwomba muuza vitunguu wa pembeni aniangalizie kibaraza, nikapanda bodaboda.

Mtu asiyeijua Bigwa atashangaa watu wazima wanawezaje kuamini mafuriko wakati jua linawaka. Lakini maji yetu ni ya mlimani. Mvua inaweza kunyesha huko juu kwenye wingu, chini hakuna hata tone, na mto ukashuka ghafla ukiwa rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo. Watoto wa ng'ambo wanavuka kwa daraja la miti. Kwa hiyo mzazi wa Bigwa haulizi mbingu, anauliza mto.

Getini nilikuta watu wamejaa. Akina mama wengine wamefunga kanga juu ya nguo za shambani, baba mmoja ana jembe mkononi, mkono mwingine umeshika mtoto aliyemvuta kutoka darasani. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa amesimama kwenye jiwe anasema hakuna mafuriko, wazazi watulie. Yule kijana alikuwa pembeni yake, shati limemlowa jasho.

"Kama hakuna mafuriko, kwa nini mwalimu atutangazie?" mwanamke mmoja akafoka. Alikuwa mgeni, mtoto wake ana muda mfupi pale. "Mmesikia wenyewe! Amesema njooni mmchukue mtoto!"

"Huyo mwalimu ametangulia mbele za haki, dada," mtu akamwambia.

Yule mwanamke akashika kifua. Na yule mama jirani yangu, aliyenipigia, alikuwa ameketi chini ya ukuta anafuta miguu vumbi. Yeye alimzika Mwalimu pamoja nasi. Alipika kwenye msiba. Aliponiona akatikisa kichwa.

"Nilijua amefariki, shemeji. Nilijua kabisa. Lakini miguu ilikuwa imeshaondoka."

Mwalimu mkuu akanishika mkono. "Baba, sema wewe. Watakusikia wewe."

Sijawahi kuongea mbele ya watu wengi. Nilisema hivi tu: "Hiyo sauti ni ya mke wangu. Ni ya masika, wakati yuko hai. Siku ile mto ulijaa kweli. Leo haujajaa. Nendeni mkautazame, kisha rudini nyumbani kwa amani."

Baba mwenye jembe akaenda, na wengine wawili. Walirudi wakasema mawe yako nje na wanawake wanafua. Hapo kelele zikaisha. Watu wakabaki wanatazamana. Mmoja wao, sijui nani, akabonyeza simu yake, na sauti ikatoka pale getini, mimi nikiwa sijajiandaa.

"Wazazi wangu, hamjambo. Ni mimi mwalimu wa afya. Leo mvua imenyesha sana huko juu na mto umejaa. Watoto wa ng'ambo nipo nao hapa shuleni, hakuna aliyepotea, wamekunywa uji. Mtoto asivuke peke yake, hata kama anajua kuogelea. Njooni mmchukue wenyewe, taratibu, msikimbie mkaanguka..."

Kisha sauti ya mwanamume kwa mbali: "Mwalimu, buti zako hizi hapa."

Na yeye akicheka: "Ngoja, Fundi, naongea na wazazi."

Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwepo. Nilikuwa nimemtembelea kwenye mvua, nimebeba buti zake kwenye mfuko wa rambo, na jambo hilo lilikuwa limefutika kichwani mwangu kabisa. Watu wakageuka kunitazama. Sikuweza kuinua uso. Jirani yangu akasimama, akaja akasimama karibu yangu.

Wazazi walipoanza kutawanyika, akaja bibi mmoja anatembea polepole kwa fimbo, sweta la mtoto limekunjwa kwapani. Alikuwa ametoka kilima cha ng'ambo.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mto mbona mkavu?"

Kijana alimweleza. Bibi akatoa simu yake kwenye pindo la kanga, akampa aitazame. Sauti ile ilikuwa imetoka humo. Alisema huwa anaisikiliza anapopalilia, maana huyo mwalimu ndiye aliyemtoa hofu ya zile dawa, mjukuu wake akameza na tumbo lake likapungua. Leo kidole kilibonyeza pasipo pake, ikaenda kwa watu wote; alipoona watu wanakimbia wakisema mto umejaa, naye akaja.

"Nimewatesa watu," akasema. "Nisamehe, baba. Mimi nilikuwa namsikiliza tu."

Nikamwambia hajanikosea. Nilitaka kumwambia kwamba mimi mwenyewe nimeshindwa kuzifungua sauti hizo tangu msiba, na kwamba namwonea wivu. Badala yake nikambebea sweta mpaka darasani kwa mjukuu wake.

Mwalimu mkuu aliamua sauti zote za zamani zifutwe kwenye grupu, na akaomba kila mzazi azifute kwenye simu yake. Aliniuliza kwanza, kwa heshima. Nilimwambia afute. Watu wakiitwa bure mara moja wanacheka, wakiitwa bure mara mbili hawaji tena, na siku hiyo ya tatu ndiyo mto unakuwa umejaa. Mwalimu mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini niliporudi nyumbani nilikaa kwenye kitanda, nikazihamisha zote kwanza kwenye simu yangu mimi, moja baada ya nyingine, bila kuzisikiliza.

Wiki hiyohiyo yule kijana alikuja Mwembesongo. Alisimama mbele ya cherehani kama mteja.

"Shikamoo mzee. Naomba nikuulize. Alikuwa anafanyaje?"

"Nini?"

"Mimi nawaandikia kila kitu, mzee, na hawanisikii. Yeye hayupo, na bado wamemkimbilia."

Nilimpa kigoda. Sikuwa na utaalamu wa kumpa, nikamweleza nilichokiona: kwamba alitoka nje kwanza, kwamba alisema watoto wako salama kabla ya kuanza kuonya, kwamba kilichotakiwa kufanywa alikisema kwa maneno machache, kisha akarudia kwa Kiluguru. Kijana ni Mhaya. Akasema atamwomba mwalimu mwenzake amsaidie kwa Kiluguru.

"Ila kitu kimoja yeye hakufanya," akasema, akiogopa kidogo. "Hakutaja siku. Alisema leo."

Nikamwambia ndiyo. Alisema leo.

Aliondoka, nikaendelea na zipu, nikaona nimeishona kinyume. Neno lile lilikuwa limenikaa. Kwenye sauti ile, kwake ni leo siku zote: mvua inanyesha, buti zimefika, uji umetosha, na mimi niko hatua chache kutoka kwake namsubiri amalize kuongea.

Masika yaliyofuata mto ulijaa kweli. Nilikuwa nyumbani nimejikinga mvua, simu ya Mwalimu ikaita kwa ujumbe. Nikafungua. "Wazazi, leo ni Jumatano, tarehe kumi na saba. Watoto wote wako salama hapa shuleni..." Sauti ya kijana ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. Nyuma yake mwalimu wa kike akarudia kwa Kiluguru. Watu wakaanza kujibu: asante mwalimu, tunakuja.

Na mimi nilitaka kumshukuru. Lakini ningeandika pale, jina na picha ya marehemu vingetokea mbele ya watu wote. Nikavaa koti, nikaenda kwa miguu.

Nilimkuta getini anawakabidhi watoto kwa wazazi wao, mmoja mmoja, anamtazama kila mzazi usoni. Nikamwambia amefanya vizuri. Akaitikia kwa kichwa, hakuwa na nafasi ya maneno. Nikasogea pembeni chini ya bati, maji yakinguruma huko bondeni. Msichana mdogo aliyekuwa anamsubiri bibi yake alinitazama kwa muda.

"Babu, wewe umekuja kumchukua nani?"

"Nimekuja kuutazama mto," nikamwambia.

Akanisogelea, tukautazama pamoja.