Sala za Wafugaji kwenye Rafu ya Hadithi

Jumanne, tarehe 9 Julai. Katesh iliamka na upepo wa mlimani na vumbi. Jua lilitoka saa nne, ila baridi haikuondoka.

Kazi yangu maktabani ni kuingiza vitabu vipya kwenye rejista, kuvipa namba ya kundi na kubandika lebo mgongoni. Niliishia darasa la saba, nikaongezewa kozi ya wiki mbili, kwa hiyo mara nyingi sina hakika. Leo mama anayetufanyia usafi, ambaye kwao ni wafugaji huko tambarare, alisimama mbele ya rafu ya hadithi na kitambaa mkononi.

"Kaka, hiki umekiweka wewe?"

Nikasema ni mimi. Kilikuwa kitabu chembamba cha sala za wafugaji wa ng'ombe, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

"Ukurasa wa thelathini ndiyo sala waliyomzika nayo baba. Umemweka baba yangu na sungura na fisi."

Kwa haki niseme, sikukisoma. Niliona ng'ombe wamechorwa kwenye jalada, nikajua ni ngano tu, hadithi za wanyama. Mkutubi, ambaye ni mkubwa wangu, naye aliipitia orodha kabla ya kwenda likizo, akapiga muhuri. Kwa hiyo kosa si langu peke yangu, ingawa yeye aliniamini mimi.

Mchana nikakisoma chote. Sala ni kumi na moja. Mwishoni kuna hadithi mbili, na moja kweli ina sungura. Nikamwonyesha.

"Hizo mbili zing'oe," akasema.

"Kitabu hakichanwi, mama. Kinakwenda upande wenye mengi."

Rejista nayo haifutwi. Nilikata mstari mmoja juu ya neno Ngano, nikaandika Dini, nikatia sahihi yangu pembeni. Mimi ni Mkristo, na wako wa kwetu watakaosema nimekosea. Labda ni kweli, sijui. Kitabu kilikaa kati ya katekisimu na nyimbo za kanisa.

"Wasije wakapigana humo," mama akasema, akafuta vumbi rafu nzima, katekisimu nayo.

Nyumbani nilimweleza mke wangu.

"Na mkutubi akikirudisha kwenye ngano?"

Nikamwambia basi na yeye atakata mstari, atie sahihi yake. Akapakua chakula. Tulikula ugali na mlenda, na maziwa mgando kidogo.